Kwa nini yule mpangilifu ndiye aliyetetemeka? Tuzungumze hulka za wanafunzi na msongo wa mawazo

MatroniWaKusini (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi. Wakubwa, shikamooni.

Uzi ni mrefu, anayeweza asome kwa vipande. Nimekaa nao moyoni tangu 2020, na kila ukifika msimu wa watoto kusubiri matokeo na majina ya waliopata mkopo wa elimu ya juu, unanirudia.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, na kwa miaka mingi nimekuwa matroni wa bweni la wasichana wa Fomu Five na Six huku Nyanda za Juu Kusini. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza shule zifungwe kwa ajili ya Korona. Siku zilizofuata tulikuwa stendi na matranka, ndoo na magodoro. Wasichana wa Fomu Six walikuwa wamebakiza wiki chache tu waingie kwenye mtihani wa taifa. Wakaniuliza, "Matroni, tunarudi lini?" Sikuwa na jibu, na hakuna mtu nchini aliyekuwa nalo. Naomba mjadala uanzie kwenye hiyo "lini".

Nitawaeleza wasichana watatu. Majina nayaficha, na mambo madogomadogo nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Wa kwanza alikuwa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), haondoki kwenye watatu bora. Ratiba yake ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati, imepigwa rula, ina rangi tatu. Ukimuuliza Jumanne saa kumi jioni atakuwa ukurasa gani, anakutajia. Walimu tulikubaliana kwamba huyu hana shida, hata akae nyumbani mwaka mzima atasoma.

Wa pili tulimwita redio ya bweni. Taa zikizimwa ndipo anaanza hadithi. Nimemwadhibu kwa kelele mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tulisema huyu akifika kwao, vitabu ndio basi tena.

Wa tatu alikuwa hajui kusema hapana. Ukimtuma maji anakwenda, mwenzake akiugua yeye ndiye anayemfulia. Kuhusu huyu hatukusema chochote. Sijui hata kama tulimjadili.

Juni 1 vyuo vikafunguliwa pamoja na Fomu Six, na mtihani ukapangwa kuanza Juni 29. Wiki nne.

Yule wa kwanza alirudi amekonda. Siku ya majaribio ya Kemia maabara, palipotakiwa tone moja yeye alimwaga mkondo mzima, mkono unatetemeka mpaka mwenzake akamshikia chupa. Usiku alikuja chumbani kwangu akaniambia ameandika ratiba upya mara kumi na moja. Kila redio ikisema jambo jipya, alichana ya zamani akaanza nyingine. Neno lake sijalisahau: "Matroni, sikuwa naogopa kufeli. Nilikuwa sijui nasoma kuelekea siku gani."

Redio ya bweni alilia wiki mbili za kwanza kwao. Kijijini, hana bando, hana wa kuongea naye wa rika lake. Halafu akaanza kuwafundisha wadogo zake na mtoto wa jirani barazani, kila asubuhi, Baiolojia ya Fomu Two. Alirudi shuleni yuko sawa, na topiki za mwanzo anazijua kuliko alivyoondoka.

Wa tatu alirudi anatabasamu. Wiki ya tatu akaanguka mstarini. Ndipo tukajua kwamba kwao mama alikuwa mgonjwa, na miezi yote ile alikuwa akipika, akilima na kulea wadogo zake, hajafungua daftari. Hakumwambia mtu kwa sababu hakutaka kutusumbua.

Na sisi watoto hawa watatu tuliwaambia neno moja mstarini: msiwe na hofu, someni, mwombeni Mungu. Mimi ni mtu wa maombi, silidharau hilo hata kidogo. Lakini lilikuwa neno moja kwa watu watatu wenye maumivu matatu tofauti, na ni mimi niliyekuwa nalala nao jengo moja.

Baada ya hapo nilianza kusoma. Wanasaikolojia wengi hueleza haiba ya mtu kwa vipimo vitano, vilivyoenezwa hasa na Paul Costa na Robert McCrae tangu miaka ya 1980: wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, uchangamfu, mpangilio na bidii, upole wa kuishi na wenzako, na udadisi wa mambo mapya. Kila mtu anavyo vyote vitano, ila kila mmoja kwa kiasi chake. Katika hivyo, kipimo cha wasiwasi ndicho kinachohusiana zaidi na msongo. Mwenye hulka hiyo, jambo lilelile humpiga kwa nguvu zaidi na huchelewa kumtoka.

Mpangilio kwa kawaida humkinga mwanafunzi. Asiyelundika kazi halii usiku wa kuamkia mtihani. Ndiyo maana tulimwona msichana wangu kuwa salama. Lakini mpangilio wake ulikuwa umesimama juu ya tarehe. Tarehe ilipoondolewa, ukaonekana wasiwasi ambao ratiba ilikuwa imeufunika kwa miaka.

Kuna jaribio moja lilinifungua macho. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwachezesha watu 45 mchezo wa kompyuta: kisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Akiwapo nyoka, unapigwa shoti ya umeme mkononi, inauma kwelikweli. Wakawapima jasho na mboni za macho. Waliohangaika zaidi hawakuwa wale waliojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Hangaiko lilifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Yaani kujua kwamba utaumia ni nafuu kuliko kutojua. Na wanasaikolojia wanasema kutovumilia hali ya kutojua kunatofautiana kati ya mtu na mtu kama kimo kinavyotofautiana.

Naomba wazazi, walimu, na hasa wanafunzi wenyewe mchangie. Wewe ulikuwa yupi kati ya hao watatu? Na nani alikusaidia, kwa kitu gani?

---

Kifaurongo

Nimekaa mkao wa kusoma. Huyo wa tatu ni mimi kabisa. Nitarudi.

---

MzeeWaNgarenaro

Mwalimu, pole na kazi ya kulea. Nimesoma yote kwa heshima, lakini niruhusu nitofautiane nawe.

Nilikuwa kidato cha tatu vita vya Kagera vilipoanza, Oktoba 1978. Ndugu zetu walikwenda mstari wa mbele, sukari na sabuni vikawa vya kupanga foleni, tulisoma kwa koroboi. Hakuna aliyejua kesho. Hatukuwa na msongo wa mawazo wala hulka tano. Tulisoma, tukafaulu, tuko hapa. Nina hofu kwamba tukiwaambia vijana kila siku kwamba wana msongo, tutawapa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

---

BintiLindi

Shikamoo mzee wangu.

Naomba nikuulize kwa adabu. Darasani kwenu hapakuwa na mmoja ambaye mlisema "amesoma mpaka amechanganyikiwa"? Au "kitabu kimemshinda kichwa"? Kwetu kila kijiji kina mtu huyo. Anapita barabarani, watu wanasema alikuwa na akili sana huyu. Neno "msongo" ndilo geni, mzee, lakini mtu huyo ni wa siku nyingi.

---

MzeeWaNgarenaro

Marahaba binti.

Alikuwepo. Kitanda cha tatu kutoka changu. Kaka yake aliitwa vitani, barua zikakatika. Hakupata habari ya kifo wala ya uzima. Alianza kuamka usiku na kukunja nguo zake, anazikunjua, anazikunja. Tulimcheka. Muhula ulipokwisha hakurudi, na sisi tulisema Hisabati imemshinda.

Kaka yake alirudi salama 1979. Sijawahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja mpaka uliponiuliza. Mwalimu, endelea na uzi wako.

---

MatroniWaKusini

Shikamoo mzee. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Asante kwa kumkumbuka.

Hofu yako kwamba tunaweza kuwapa watoto ugonjwa kwa maneno ni ya haki, na nitaomba wenye taaluma waijibu vizuri kuliko mimi. Ninachotaka mimi si kumwambia mtoto "wewe una wasiwasi". Nataka nimjue kabla hajaanguka mstarini.

---

OmwanaWaNshamba

Wakuu, mmegusa shule na nyakati ngumu, ngoja niwaletee kisa cha kwetu ambacho dunia nzima inakisimulia kama kichekesho, na sisi hatukicheki.

Januari 30, 1962, shule ya bweni ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Ikaenea. Mpaka Machi 18 shule inafungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Wengine dakika chache, wengine ilikwenda na kurudi kwa siku hadi 16. Haikuwa kicheko cha furaha. Walilia, walikimbia huku na kule, ukimshika anapigana. Wasichana waliporudishwa makwao ikafika hadi kijiji cha Nshamba, ikashika watu 217. Mama yangu alikuwa msichana mdogo pale. Anasema lililomtisha ni macho yao. Mdomo ulikuwa unacheka, macho yanaomba msaada.

Madaktari Rankin na Philip waliandika taarifa yao mwaka 1963. Walipima damu, wakapima chakula. Hakuna sumu, hakuna kirusi. Uhuru ulikuwa umepatikana Desemba 9, 1961, wiki saba tu kabla. Watoto wa vijijini wamewekwa bwenini, mzazi anategemea makubwa kutoka kwao, nchi ni mpya, hakuna anayejua hayo makubwa yatakuwaje.

Linaloingia kwenye uzi huu ni hesabu ya pili, ambayo watu hawaipigi: 159 toa 95. Wasichana 64 walikula chakula kilekile, wakalala bweni lilelile, chini ya walimu walewale, hawakushikwa. Mama anasema kulikuwa na wengine wa kijijini ambao walitulia kabisa, na ndio waliopewa kazi ya kuwashika wenzao. Ninajiuliza wao walibeba nini, kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Shule ilifungwa Machi 18, 1962. Yenu ilifungwa Machi 2020. Miaka 58 katikati, na mwezi uleule.

---

Kifaurongo

Nimerudi kama nilivyoahidi. Huyo aliyepewa kazi ya kuwashika wenzake... Ninyi watu mnaandika.

Mimi ni kama yule wa tatu kati ya wasichana wa Matroni. Wakati wa Korona nilikuwa chuo mwaka wa pili. Tulirudishwa nyumbani, nikawa ndiye "msomi aliyepo", kwa hiyo kila mtu ananitegemea: fomu ya hospitali, deni la duka, ugomvi wa wazazi. Nilivyorudi chuo Juni nilisapu (nilirudia mtihani) masomo mawili. Watu walishangaa kwa sababu nilikuwa natulia siku zote. Nilikuwa sijatulia. Nilikuwa sijui namna ya kusema "nimechoka" bila kuona aibu.

Kilichonisaidia: mwenzangu wa chumbani aliacha kuniuliza "uko sawa?" kwa sababu jibu langu ni "niko sawa" hata kama nyumba inaungua. Akaanza kuniuliza "leo umefanya nini kwa ajili yako?" Siku ya kwanza nilikaa kimya kama dakika tano.

---

DesaJipya

Mleta uzi, naomba nikupinge kidogo kwenye huyo redio ya bweni. Umemwandika kama mtu ambaye uchangamfu wake ulimwokoa. Mimi nami ni redio. Chuo wananijua kila bloku, kwenye makundi ya kupiga msuli mimi ndiye ninayechangamsha watu waendelee. Lakini usiku wakati wenzangu wanakoroma mimi nahesabu: bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) likichelewa nitakula nini, nikidisko (nikiondolewa chuo kwa kufeli) nitamwambia nini mama ambaye ameshawaambia kanisa zima kwamba mwanawe anasoma uhandisi. Nikichekesha ninakuwa sisikii hiyo hesabu. Mtu mwenye kelele naye muulizeni.

---

NesiWaZamu

Ndugu wanajamvi, nimekuwa kliniki ya afya ya akili kwa muda sasa. Naandika kama mtu aliyeiona kazi hii, si kama daktari wenu.

Ndugu DesaJipya amesema jambo la msingi kwa maneno yake mwenyewe. Uchangamfu na wasiwasi ni vipimo viwili tofauti. Mwanasaikolojia Hans Eysenck alivitenganisha miaka mingi iliyopita: mtu anaweza kuwa mchangamfu na mtulivu, mchangamfu na mwenye hofu, mkimya na mtulivu, mkimya na mwenye hofu. Sisi tunaona kelele au ukimya, tunadhani tumeona moyo.

Mzee wa Ngarenaro, shikamoo, hofu yako naijibu hivi. Mwanasaikolojia Charles Spielberger alitenganisha wasiwasi wa hali na wasiwasi wa hulka. Wa hali ni huu unaokuja mtihani ukikaribia na kuondoka ukiisha, kila binadamu anao, na kiasi chake kinasaidia. Mwili unatoa homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, unakuwa macho. Wa hulka ni ule wa mtu ambaye kila jambo kwake linaanza kama hatari. Karibu nusu ya tofauti za hulka kati ya watu inahusiana na kurithi, kwa mujibu wa tafiti za mapacha. Kwa hiyo mtoto hakujichagulia, na kumwambia "acha woga" ni sawa na kumwambia arefuke. Lakini hulka si hukumu ya maisha. Kwa wengi wasiwasi hupungua umri unavyosogea, na msaada wa kitaalamu huupunguza mapema zaidi.

Kuna kitu kimoja ninachokiamini kuliko vyote hapa. Wanasaikolojia Lazarus na Folkman, mwaka 1984, walieleza kwamba mtu akikutana na tishio moyo wake unauliza maswali mawili. La kwanza, "hili linanidhuru?" La pili, "nina nini mkononi cha kupambana nalo?" Walimu na wazazi tunapigana na swali la kwanza: usiogope, hakuna shida. Mtoto mwenye hulka ya wasiwasi hakuamini, kwa sababu anaiona shida. Nenda kwenye swali la pili. Mpe kitu mkononi.

Na tafadhali: mtoto akipitisha wiki mbili bila kulala wala kula, amejitenga, haoni raha kwa lolote, hapo tumeshatoka kwenye hulka, inaweza kuwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), apelekwe kituo cha afya. Akizungumzia kufa, hata kwa mzaha, usisubiri hizo wiki mbili. Usimwache peke yake, nenda naye siku hiyohiyo.

---

MkulimaKitale

Salamu kutoka Kitale. Hilo jaribio la nyoka na jiwe limenigusa sana kwa sababu tuliliishi.

Hapa Kenya Rais Kenyatta alifunga shule Machi 15, 2020. Binamu yangu alikuwa kidato cha nne na tuliishi naye. Kila wiki kulikuwa na uvumi mpya, mara zinafunguliwa Juni, mara Septemba. Huyo msichana alikuwa akipata usingizi wa saa tatu au nne tu kwa usiku, anaamka kuangalia simu. Julai waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu Profesa Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea na hakuna kurudi mpaka Januari 2021. Tuliogopa kumwambia. Alipojua, alilia jioni moja, kisha akalala mpaka saa nne asubuhi! Akaanza kusoma vizuri, kidogokidogo. Sisi watu wazima hatukuelewa jinsi habari mbaya ilivyomponya.

Halafu Oktoba, ghafla, watahiniwa wakaitwa warudi tarehe 12. Habari njema, si ndiyo? Usiku huo akatapika. KCSE, mtihani wetu wa taifa wa kidato cha nne, akaufanya Machi na Aprili 2021 na alipita. Lakini mpaka leo ukibadilisha mpango wa safari naye bila kumwambia mapema, utaona mikono yake.

Dadake mdogo, nyumba hiyohiyo, alipanda mboga, akauza, akanunua kuku. Alituambia hiyo ndiyo ilikuwa likizo nzuri zaidi maishani mwake.

---

BabaPacha

Shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo.

Nimefuatilia uzi huu tangu juzi kimyakimya. Nina pacha, msichana na mvulana. Kulwa ni wa kike, Doto ni wa kiume. Wamemaliza Fomu Six pamoja, wamefaulu wote, Mungu ni mwema. Sasa wanasubiri majina ya mkopo. Awamu ya kwanza imetoka, hawamo wote wawili.

Kulwa hali chakula. Usiku naona mwanga wa simu chini ya mlango wake. Ananiuliza maswali yaleyale: wasipotoka awamu ya pili? Ya tatu? Namwambia mwanangu Mungu yupo, tutajua mbele ya safari. Anazidi. Doto yeye yupo uwanjani anacheza mpira, ukimuuliza anasema "itajulikana tu, mzee". Mama yao anasema Kulwa anadeka. Mimi nashindwa kuamua.

Mimi ni fundi seremala. Ada ya wawili siwezi, ya mmoja kwa kujibana naweza. Sijamwambia mtu yeyote hilo, hata mama yao hajui hesabu kamili. Mwalimu, nifanyeje?

---

MatroniWaKusini

Baba Pacha, pole sana, na hongera kwa watoto.

Hadeki. Mama usimlaumu, mimi mwenyewe nilishasema hivyo kuhusu watoto wa wenzangu.

Kwa mtoto kama Kulwa, "tutajua mbele ya safari" ndilo neno linalomuumiza kuliko yote. Doto linamtosha, dada yake linamchoma. Sisemi umdanganye kwamba mkopo utatoka. Mwambie ukweli wa mfukoni, jinsi ulivyotuambia sisi hapa. Najua ni mzito kwa baba kuusema. Lakini yeye sasa hivi anatunga hesabu zake gizani, na nina hakika hizo anazotunga ni mbaya kuliko zako.

Kaeni na karatasi. Andikeni: mkopo ukitoka, hivi. Ukitoka wa mmoja, hivi. Usipotoka kabisa, hivi. Kila mstari uwe na kitu cha kufanya, si dua peke yake. Na wekeni tarehe ambayo mtaamua kwa yale mtakayokuwa nayo siku hiyo. Hiyo tarehe ndiyo itakayomlaza. Halafu simu: mara moja kwa siku, saa moja mliyokubaliana, aangalie mbele yako, aizime.

---

NesiWaZamu

Naongeza kidogo kwa Baba Pacha. Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwatumia bibi wa mitaani, amewafundisha, wanakaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati za Harare. Kazi hiyo imeshafika hadi Zanzibar. Wao Washona wana neno "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi. Ni kama sisi tunavyosema "ana mawazo". Bibi hamwambii mtu "acha kuwaza". Anamwacha amwage yote, kisha anamwomba achague tatizo moja, moja tu, walifanyie kazi wiki hii. Anayechagua ni yeye mwenye mawazo. Kwa hiyo karatasi yenu, kalamu ashike Kulwa.

Na kama wiki mbili zimeshapita hali chakula, umlete apimwe. Karatasi haizuii hospitali.

---

DesaJipya

Baba Pacha, mimi nilianza mwaka wa kwanza bila mkopo, nikapata nilipoomba tena. Mwambie Kulwa watu kama sisi tupo wengi. Na kama kuna fomu ya rufaa ya mkopo inahitaji kujazwa, nitamwelekeza hatua kwa hatua. Andika hapahapa uzini.

---

BabaPacha

Wanajamvi, nimerudi. Imepita siku nne.

Tulikaa jana baada ya chakula cha usiku, mimi, mama yao na Kulwa. Doto alisema yeye hana shida, akatoka. Nilisema hesabu yote. Mbao ninazodai, deni ninalodaiwa, kilichopo. Mama yao alinyamaza muda mrefu. Nilifikiri Kulwa atalia. Hakulia. Alichukua rula, nawaambia kweli, akapiga mistari akaandika yote matatu. Kwenye "usipotoka kabisa" aliandika yeye mwenyewe: kufundisha tuisheni watoto wa mtaani, kuomba tena mwakani, Doto atangulie. Nilimwambia hilo la Doto kutangulia tulifute, tutalijadili. Akaniuliza, "Baba, kwa hiyo siku ya mwisho ya kusubiri ni lini?" Tukaweka tarehe. Karatasi ameibandika ndani ya mlango wa kabati. Asubuhi amekunywa chai na chapati mbili. Kliniki tunakwenda Jumatatu hata hivyo, Nesi, nimekusikia.

Sasa jambo ambalo sikulitarajia. Kama saa tano usiku nilikuwa karakanani nafunga, Doto akaja. Akasimama mlangoni anachezea kipande cha mbao. Nikamuuliza unataka nini, akasema hana kitu. Nikaendelea kupanga misumeno. Halafu akasema, "Na mimi je, baba? Kwenye hiyo karatasi mimi mmeniandika wapi?"

Kumbe alikuwa dirishani muda wote.

Nilimvutia stuli akakaa. Hatukuandika kitu, yeye si mtu wa karatasi. Tulipiga randa ule mlango wa mteja mpaka saa saba, na katikati ya kazi ndipo akawa anatoa neno mojamoja. Mengine ni yake, siwezi kuyaweka hapa.

Mwalimu, nina swali juu ya huyu wa kiume, ila nitakuandikia faraghani ukiniruhusu.

---

MatroniWaKusini

Niandikie, Baba Pacha. Niko macho.